Maji safi katika mfereji mchafu: Swali la neema Bonde la Ufa

ALFAJIRI ya Alhamisi, Agosti 24, 2000, mwili wa mwanamume mwenye umri wa miaka 67 ulipatikana kando ya barabara kuu ya Nakuru kuelekea Nairobi, karibu na makutano ya Morendat, si mbali na mji wa Naivasha. Alikuwa amepigwa risasi kichwani. Gari lake lilikuwa papo hapo, na bunduki yake ya kuwindia ilikuwa karibu na mwili.

Marehemu alikuwa Padri John Anthony Kaiser, Mmarekani wa shirika la wamishenari la Mill Hill aliyefika Kenya mwaka wa 1964. Mwaka mmoja na nusu kabla ya kifo chake, alikuwa amesimama mbele ya Tume ya Akiwumi, iliyochunguza mapigano ya kikabila, na kuwataja kwa majina wanasiasa wakubwa aliodai walihusika katika kuwafurusha watu mashambani mwao.

Aprili 2001, shirika la upelelezi la Marekani, FBI, lilitoa ripoti iliyosema kwamba yaelekea padri huyo alijiua. Mojawapo ya nguzo za hoja hiyo ilikuwa historia yake ya maradhi ya akili, ambayo aliwahi kutibiwa kwao Marekani. Kanisa Katoliki lilikataa katakata. Mnamo Agosti 2007, uchunguzi wa mahakama kuhusu kifo hicho ulipokamilika, Hakimu Maureen Odero aliamua kwamba Padri Kaiser aliuawa na akaitupilia mbali nadharia ya kujiua. Hadi leo hakuna aliyetiwa hatiani.

Katika miaka hiyo ya mabishano, huku watu wakivutana kuhusu risasi na mahali gari lilipokutwa, swali jingine lilipita chini kwa chini, mithili ya maji ya Ziwa Naivasha ambayo hutokea ardhini pasipo mto wa kuonekana. Je, mtu ambaye akili yake imewahi kuyumba, mkaidi kwa tabia, mwanajeshi wa zamani anayeweka bunduki nyumbani, anaweza kuwa chombo cha Mungu?

Waliotaka ushahidi wake upuuzwe waliushika ugonjwa huo kama rungu. Baadhi ya waliompenda nao walitamani kumsafisha asibaki na doa lolote, kana kwamba kukiri kuwa aliwahi kuugua ni kumsaliti. Pande hizo mbili zilipingana katika kila kitu, isipokuwa dhana moja: kwamba Mungu huwatumia watu wasio na ufa. Mafundisho ya Kikristo kuhusu neema hayasemi hivyo hata kidogo.

Neno lenyewe linastahili kutazamwa kwanza. Katika Kiswahili cha kila siku, neema ni wingi wa mema. Mkulima wa Molo au Njoro anapovuna viazi kupita alivyotarajia, husema mwaka huo ulikuwa wa neema. Ni neno lenye asili ya Kiarabu, na maana hiyo ya mema aliyokirimiwa mtu ingali hai miongoni mwa Waislamu na Wakristo vilevile. Lakini Wakristo walipolitumia kutafsiri Maandiko yao, walilitwika mzigo wa ziada: fadhili ambayo anayepewa hakuistahili, hakuifanyia kazi, wala hawezi kuidai.

Tofauti hiyo si ndogo. Mkulima anaweza kusema mavuno ni jasho lake, angalau kwa sehemu. Neema ya wanateolojia haina jasho la mpokeaji ndani yake. Na maadamu anayepokea hastahili, si ajabu kwamba hata yule anayetumiwa kuifikisha kwa wengine hastahili.

Biblia imejaa watu wa namna hiyo. Musa aliua mtu kabla ya kuitwa. Petro alimkana Bwana wake mara tatu katika usiku mmoja. Paulo alikuwapo, tena kwa kuridhia, Stefano alipopigwa mawe. Paulo huyo huyo ndiye aliyewafananisha wahudumu wa Injili na vyombo vya mfinyanzi vilivyotiwa hazina, na ndiye aliyeeleza jinsi alivyoomba mara tatu aondolewe udhaifu fulani uliomchoma kama mwiba, asiondolewe. Wafafanuzi hawajakubaliana hadi leo ulikuwa udhaifu gani. Wengine wanasema macho, wengine homa, wengine maumivu ya nafsi.

Kisa cha Daudi ndicho kinachotajwa zaidi katika mahubiri, na ndicho kinachopotoshwa zaidi. Mfalme alimtwaa mke wa askari wake, kisha akapanga askari huyo, Uria, awekwe mahali pa hatari vitani ili afe. Wahubiri hupenda kurukia mwisho: Daudi alitubu, akasamehewa, akaendelea kuwa mfalme. Huruka sehemu ya katikati, ambapo nabii Nathani aliingia ikulu na kumwambia mfalme ana kwa ana kwamba yeye ndiye mhalifu. Huruka pia sehemu inayofuata, ambapo nyumba ya Daudi haikupata amani tena. Neema ilimfikia mfalme, lakini haikumzuia Nathani kuingia.

Swali la wahudumu wenye dosari liliwahi kuligawa kanisa la Afrika vipande viwili, miaka mingi kabla ya mmishenari yeyote kukanyaga Bonde la Ufa. Mnamo mwaka wa 303, Kaisari Diokletiani wa Roma alianzisha mateso makali dhidi ya Wakristo. Katika Afrika Kaskazini, maofisa walidai vitabu vitakatifu vikabidhiwe ili vichomwe. Baadhi ya maaskofu na mapadri walikufa kuliko kuvitoa. Wengine waliogopa, wakavitoa.

Mateso yalipopita, waliovitoa vitabu walikuwa wangali hai, na baadhi yao walikuwa bado na vyeo. Askofu mpya wa Karthago, Caecilianus, alipinga tuhuma kwamba mmoja wa maaskofu waliomwekea mikono alikuwa msaliti wa aina hiyo. Kundi kubwa la waumini lilimkataa na kujichagulia askofu wao. Kiongozi wao aliyefuata aliitwa Donatus, na ndipo wakaitwa Wadonatisti.

Hoja yao ilikuwa nyepesi kueleweka na ngumu kujibu. Mtu hawezi kutoa asicho nacho. Padri aliyempoteza Roho kwa usaliti atampaje mtoto Roho huyo katika ubatizo? Mikono michafu itabariki nini? Hawakuwa watu wa mzaha. Miongoni mwao kulikuwa na wajane na mayatima wa waliouawa, na si ajabu kwamba walishindwa kupokea komunyo kutoka kwa mtu aliyejiokoa kwa kukabidhi vitabu huku jirani yake akifa.

Mkutano wa maaskofu uliofanyika Arles mwaka wa 314 uliwapinga, lakini mgawanyiko ulidumu zaidi ya karne moja. Aliyewajibu kwa kina alikuwa Mwafrika mwenzao, Agustino, askofu wa Hippo katika nchi inayoitwa sasa Algeria. Agustino hakuwa na sababu ya kujivunia usafi. Alikuwa ameishi na mwanamke kwa miaka mingi bila ndoa, akazaa naye mtoto, na hakubatizwa hadi mwaka wa 387 akiwa na umri wa miaka 32.

Jibu lake, kwa ufupi, ni kwamba anayebatiza hasa ni Kristo. Mhudumu ni mfereji. Maji yakipita katika mfereji wa mawe, jiwe lenyewe haliotishi kitu, lakini maji hufika shambani na shamba huota. Hali kadhalika mwanga wa jua ukipita mahali pachafu hautiwi uchafu. Ubatizo uliotolewa na mlevi au mwoga ni ubatizo kamili, kwa sababu haukuwa wake tangu mwanzo.

Inafaa kuongeza, kwa haki ya Wadonatisti, kwamba Agustino huyo huyo hatimaye aliunga mkono serikali ya Roma kutumia nguvu ili kuwarudisha katika kanisa lake. Mtetezi mkuu wa neema kupitia wenye dosari aliacha dosari yake mwenyewe wazi katika historia.

Msimamo wake ndio uliokubaliwa na makanisa mengi. Mtaguso wa Trento, mwaka wa 1547, uliwafundisha Wakatoliki kwamba sakramenti iliyotolewa na mhudumu aliye katika dhambi ya mauti ni halali mradi atimize yale ya lazima. Waanglikana waliliweka fundisho kama hilo katika Kifungu cha 26 cha Vifungu vyao 39, lakini kifungu hicho hakiishii hapo. Kinaongeza kwamba ni wajibu wa kanisa kuwachunguza wahudumu waovu, na wakipatikana na hatia waondolewe. Ni sehemu ya pili ambayo haihubiriwi sana.

Katika makanisa ya Kipentekoste, ambayo yamejaa Nakuru kuanzia mahema ya mitaani hadi majumba makubwa, hali ni tofauti kidogo. Huko mkazo hauwi juu ya sakramenti bali juu ya upako wa mtumishi mwenyewe. Matokeo yake ni kwamba mhubiri akianguka, waumini wake hutetereka zaidi, kwa kuwa waliambiwa maji na mfereji ni kitu kimoja. Wengine huhama kanisa. Wengine hukana kwamba ameanguka.

Mambo haya yote yangebaki ya vyuo vya teolojia lau Bonde la Ufa lingekuwa na historia tulivu. Haikuwa hivyo. Mapigano yaliyoanzia shamba la Meteitei, Tinderet, Oktoba 1991 yalifika Molo na viunga vyake mwaka uliofuata. Nyumba zilichomwa, mifugo ikaibwa, na watu waliokuwa wamesali pamoja Jumapili wakakimbizana kwa mishale Jumatatu. Njoro ilipata zamu yake Januari 1998, baada tu ya uchaguzi mkuu.

Katika miaka hiyo ya kwanza, Dayosisi ya Kikatoliki ya Nakuru iliongozwa na Askofu Raphael Ndingi Mwana a'Nzeki, aliyeishika kuanzia 1971 hadi 1996, kabla ya kuhamishiwa Nairobi na kuwa askofu mkuu. Alikuwa miongoni mwa viongozi wachache wa dini walioikemea serikali hadharani kuhusu damu iliyokuwa ikimwagika, wakati ambapo kukemea kulikuwa na gharama. Ndingi alifariki mwaka wa 2020.

Oktoba 1993, maelfu ya watu walifukuzwa Enoosupukia, katika eneo la Narok, wakateremka hadi Maela, upande wa Naivasha. Kambi ilizuka hapo: vibanda vya plastiki, matope, na watoto wenye njaa. Mwaka wa 1994 Padri Kaiser, aliyekuwa ametumikia Kisii kwa karibu miaka 30, alitumwa na Askofu wa Ngong kwenda kuwahudumia.

Padri huyo hakuwa mtu laini. Alikuwa amelitumikia jeshi la Marekani akiwa askari wa miavuli. Akiwa Kisii aliwinda wanyama ili kuwagawia maskini nyama. Alijulikana kwa ukaidi, hata mbele ya wakubwa wake. Yaliyo sifa kambini huweza kuwa kero katika nyumba ya mapadri, na waliopata kuishi na mtu wa namna hiyo wanaelewa kwamba shujaa wa hadhara si lazima awe mwepesi kukaa naye mezani.

Mwishoni mwa Desemba 1994, siku zile zile za Krismasi, maofisa wa serikali waliivunja kambi ya Maela na kuwapakia wakimbizi katika malori kuwapeleka Mkoa wa Kati. Kaiser alipinga, naye akaondolewa kwa nguvu. Alichokiona hapo ndicho alichokipeleka mbele ya Tume ya Akiwumi mwaka wa 1999. Baadaye mwaka huo serikali ilijaribu kumfukuza nchini. Machi 2000, Chama cha Mawakili wa Kenya kilimtunuku kwa utetezi wake wa haki za binadamu. Miezi mitano baadaye alikuwa maiti Morendat.

Hapa panahitaji uangalifu, kwani maneno udhaifu na dhambi huchanganywa mara nyingi. Ugonjwa wa akili si dhambi, sawa na malaria isivyokuwa dhambi. Mwiba wa Paulo si sawa na kosa la Daudi. Teolojia huyaweka yote mawili chini ya kichwa kimoja, udhaifu wa chombo, lakini huyashughulikia kwa njia mbili: ugonjwa hutibiwa na kuvumiliwa, dhambi hukiriwa na kurekebishwa. Waliotumia ugonjwa wa Kaiser kuufuta ushahidi wake walifanya kosa la kuhesabu kidonda kama hatia. Malori ya Maela yaliondoka kweli, awe aliyeyaona alikuwa mzima au mgonjwa.

Kesi ngumu zaidi ilikuja baadaye, na haikumhusu mtu mmoja.

Baada ya matokeo ya uchaguzi wa Desemba 27, 2007 kutangazwa, Kenya ililipuka. Kufikia utulivu uliporejea, zaidi ya watu 1,100 walikuwa wamekufa na mamia ya maelfu kuhama makwao. Januari 1, 2008, kanisa la Kiambaa karibu na Eldoret, ambamo akina mama na watoto walikuwa wamejificha, lilichomwa moto. Mwishoni mwa mwezi huo zamu ilikuwa ya Nakuru na Naivasha, mara hii wauaji wakisema wanalipiza kisasi. Katika mtaa wa Kabati, Naivasha, watu 19 waliteketea ndani ya nyumba moja. Uwanja wa maonyesho ya kilimo wa Nakuru uligeuka mji wa mahema.

Wakati huo makanisa yalifanya mambo mawili kwa wakati mmoja, na ni vigumu kuyatenganisha. Yalifungua milango, yakapika uji, yakagawa blanketi na kuzika wafu. Lakini miezi michache kabla, baadhi ya wachungaji wa makanisa hayo hayo walikuwa wamewaombea na kuwabariki wagombea wa makabila yao madhabahuni. Hata maaskofu wa Kikatoliki walisikika wakitoa kauli tofauti kuhusu suala la majimbo, na wananchi hawakuchelewa kulinganisha kauli hizo na makabila ya waliozitoa.

Mwezi wa Februari 2008, Baraza la Kitaifa la Makanisa Kenya, NCCK, lilitoa taarifa ambayo ni nadra kuonekana katika maisha ya umma ya nchi hii. Viongozi wake walikiri kwamba walishindwa kukabiliana na mgogoro kwa kuwa walikuwa wameegemea pande, kwamba hawakuzungumza kwa sauti moja, na kwamba walijitambulisha na watu wao kwa misingi ya ukabila. Waliomba msamaha.

Swali la Karthago lilikuwa limerejea, safari hii likiwa na vumbi la Naivasha. Mkristo aliyepoteza jamaa na nyumba yake, akajua kwamba mchungaji wake alihubiri chuki kwa mafumbo kabla ya uchaguzi, afanye nini Jumapili mchungaji huyo anapoinua kikombe cha Meza ya Bwana? Akipokea, je, amekubaliana na chuki hiyo? Akikataa, je, amejinyima Kristo kwa sababu ya mtu?

Jibu la Agustino kwake ni faraja: kikombe si cha mchungaji. Chakula alichopewa mahemani kilikuwa chakula, na sala iliyosomwa kaburini ilikuwa sala, hata kama aliyeisoma alikuwa na damu ya maneno midomoni. Mungu hakumsubiri mchungaji atakate ndipo amfikie mjane.

Lakini faraja hiyo ina mpaka, na mpaka wenyewe ndio kiini cha jambo. Fundisho la neema kupitia wenye dosari lilitungwa kwa ajili ya anayepokea. Linamhakikishia mama wa Kabati kwamba ubatizo wa mwanawe haukufutwa na upotovu wa aliyembatiza. Halikutungwa kwa ajili ya kumlinda aliyebatiza asiulizwe. Mfereji ukichafuka, maji hupita, naam, lakini hakuna mkulima mwenye akili anayeuacha mfereji uendelee kuziba kwa kuwa mwaka jana maji yalipita.

Ni hapo ambapo fundisho hili hutekwa nyara. Mtumishi aliyenaswa na kashfa ya pesa au ya wanawake huwaambia waumini kwamba hata Daudi alianguka, tena kwamba hairuhusiwi kumgusa mpakwa mafuta wa Bwana. Wakenya waliona mwaka wa 2023, katika msitu wa Shakahola huko Kilifi, ambako zaidi ya miili 400 ilifukuliwa, ni umbali gani waumini wanaweza kupelekwa wakishafunzwa kutomuuliza kiongozi chochote. Shakahola ni mbali na Nakuru na mkasa wake una mizizi mingine pia. Hata hivyo, mlango ulioingiliwa ni ule ule ambao Nathani hakuruhusu ufungwe.

Afrika Mashariki imewahi kuwa na dawa yake ya maradhi haya. Katika miaka ya 1930, uamsho ulianza Gahini, Rwanda, ukaenea Uganda na kufika Kenya mwaka wa 1937, hasa miongoni mwa Waanglikana na baadaye Wapresbiteri. Waliookoka walijulikana kwa wimbo wao wa Kiganda, Tukutendereza, unaoimbwa hadi leo kila wanapokutana. Walijulikana pia kwa jambo lililowatisha wengi: walisimama mbele ya ndugu na kutaja dhambi zao kwa jina, bila kuzungukazunguka.

Hawakuishia kwenye maneno. Aliyeiba jembe la mwajiri alilirudisha. Aliyedanganya karani wa ofisi alikwenda kumwona karani. Mchungaji aliyempita mkristo wa kawaida bila salamu kwa kiburi cha cheo aliambiwa hivyo mkutanoni, naye akatakiwa atubu kama wengine. Wakati wa hali ya hatari ya miaka ya 1950, wengi wao walikataa kula kiapo cha Mau Mau na pia wakakataa kubeba silaha za serikali, na baadhi waliuawa kwa msimamo huo.

Walokole nao walikuwa na dosari zao. Waliweza kuwa wepesi wa kuwahukumu wasiotubu kwa mtindo wao, na maungamo ya hadharani yaliweza kugeuka mashindano au umbeya. Lakini walielewa jambo ambalo Vifungu 39 vinalisema kwa lugha ya kisheria: kwamba neema huwapitia wenye nyufa vyema zaidi pale ambapo nyufa hazifichwi.

Ukiipima taarifa ya NCCK ya Februari 2008 kwa kipimo hicho, inaonekana nusu yake. Ilikiri, na kukiri kwa taasisi nzima mbele ya taifa kulihitaji ujasiri ambao vyama vya siasa havikuuonyesha. Lakini ilikiri kwa wingi. Ilisema sisi, haikusema fulani. Hakuna mimbari iliyotajwa, na kukiri kwa jumla namna hiyo hakukumpa mtu yeyote jembe la kurudisha. Mkristo wa Molo aliyesubiri kusikia kuhusu mahubiri ya Jumapili fulani, katika kanisa fulani, aliendelea kusubiri.

Kuna wanaotetea ukimya huo, na hoja yao si ya kipuuzi. Majina yangeweza kuwasha moto upya katika vijiji ambamo majivu yalikuwa bado moto. Wachungaji waliotajwa wangeweza kuuawa. Wengine wanaongeza kwamba upatanisho wa vijijini, uliofanywa kimyakimya na wazee, akina mama na makatekista, ulifanikiwa zaidi kwa kuwa haukuwa na magazeti. Huenda ni kweli kwa mwaka wa 2008. Ni vigumu zaidi kuikubali hoja hiyo baada ya chaguzi kadhaa kupita, na wanasiasa wakiwa wangali wanapewa vipaza sauti madhabahuni kila msimu wa kampeni.

Padri Kaiser alizikwa Lolgorian, katika eneo la Transmara, kwenye parokia aliyoitumikia mwisho. Katika miaka iliyofuata, waumini walikusanyika pia Morendat, kando ya barabara ile ile ya malori na matatu, kwa misa za kumbukumbu. Misa hizo, kama misa nyingine zote za Kikatoliki, hazianzi kwa kumsifu marehemu. Kabla ya masomo na kabla ya mkate kuletwa, padri husimama mbele ya watu, hujipiga kifua, na kukiri pamoja nao kwamba yeye naye amekosa kwa mawazo, kwa maneno na kwa vitendo, kisha huwaomba waliosimama mbele yake wamwombee.